Nyuzi za udi: seti gani inafaa udi wa zamani uliokaa stoo?

#1 Mwana_Kikwajuni

Assalaam aleikum wana jamvi, na wengine wote hamjambo.

Kikundi chetu cha taarab hapa Unguja kina udi, ile ala ya nyuzi, uliolala stoo tangu mpigaji wake ahamie bara. Mimi ni mtu wa kibodi, lakini wazee wameamua niushike kwa sababu hakuna mwingine aliyejitokeza. Mbao ni nzima, uso hauna ufa, daraja la kufungia nyuzi limeshika vizuri. Msiba uko kwenye nyuzi. Zile tupu za juu zimegeuka manjano, za waya zimeota kijani, na mbili zimefumuka waya pale zinapokanyaga mfupa wa kichwani mwa shingo. Zinatakiwa kumi na moja, zipo tisa.

Nimeingia mtandaoni kutafuta seti nikatoka na kichwa kizito. Kuna nailoni, kuna kaboni, kuna kitu kinaitwa nailgati, kuna za Kiarabu na za Kituruki, mkazo mdogo na mkazo mkubwa. Bei nyingine ni mara tatu ya nyingine na picha zote zinafanana. Maduka ya mjini yana nyuzi za gitaa tu. Kwa kuwa ni pesa ya kikundi, nataka niagize kitu kimoja cha uhakika.

Sauti ninayoitafuta ni ile ya udi wa marehemu Zein l'Abdin wa Mombasa: kavu kidogo, kila pigo la risha (kijiti cha kupigia nyuzi) linasikika peke yake. Sitaki udi unaovuma mpaka unameza maneno ya mwimbaji.

#2 Solo_Magomeni

Mkuu unajipa shida bure. Nunua seti mbili za gitaa la nailoni, zile laini, siyo za chuma. Toa unazohitaji, piga kazi. Nimeona vikundi vinafanya hivyo na harusi zinachezwa. Hizo za kuagiza nje ni biashara ya watu wenye hela.

#3 FundiMsumari

Kaka Solo, kwa heshima zote, ushauri huo ndio unaoniletea udi zenye madaraja yaliyong'oka.

Twende polepole. Udi wa nyuzi kumi na moja, ukitiwa nyuzi zake, kila uzi unavuta kama kilo tatu na nusu hivi. Jumla ni kilo 38 au 39. Uso wa udi ni ubao mwembamba wa milimita mbili au chini yake, na daraja limegundishwa tu juu yake. Hakuna skrubu, hakuna kitu kingine kinacholishikilia.

Sasa chukua uzi wa nne wa gitaa la nailoni, ule wa re wenye waya. Kwenye gitaa lake, lenye urefu wa uzi unaopiga wa sentimita 65, unavuta kama kilo saba. Uhamishie kwenye udi wa sentimita 61, sauti ileile ya re, bado unavuta zaidi ya kilo sita. Na kwenye udi kila sauti, isipokuwa ya chini kabisa, ina nyuzi mbili! Ukifanya hivyo kwa re, la na fa, ukaweka na nyuzi za kwanza za gitaa kule juu, jumla inapita kilo 55. Udi mpya unaweza kuvumilia kwa muda huku uso ukibonyea mbele ya daraja na kuvimba nyuma yake. Huo wa stoo, ambao gundi yake hatujui ina umri gani, mimi nisingethubutu.

#4 Solo_Magomeni

Fundi mbona unatisha watu. Mimi nilisema zile laini. Na jamaa yangu ana udi una uzi wa gitaa mwaka wa ngapi huu, haujang'oka kitu.

#5 FundiMsumari

Ni uzi gani wa gitaa alioweka, na mahali gani? Maana hapo una nusu ya ukweli. Uzi wa pili wa gitaa la nailoni, wenye unene wa milimita 0.82, ukiuweka kwenye sol ya udi wa sentimita 61 unavuta kilo tatu na nusu barabara. Kwa sol mbili, nyuzi za gitaa zinakubali kabisa. Uzi wa kwanza wa gitaa, 0.71, kwenye do ya juu unafika karibu kilo 4.7. Hapo umeshapitiliza, na risha itakuwa inagonga kitu kigumu. Uzi wa tatu usahau, ni mnene na sauti yake imeziba. Na za waya zote za gitaa zisiguse udi.

#6 BintiRisha

Waaleikum salaam Mwana Kikwajuni. Nafundisha udi, basi nitauliza maswali kabla ya kutaja seti.

Je, umepima? Chukua futi, pima kutoka kwenye ukingo wa ule mfupa wa kichwani mwa shingo mpaka ukingo wa mbele wa daraja. Usipime udi mzima, pima ule urefu wa uzi unaopiga tu. Halafu chungulia ndani kwa tochi ya simu kupitia tundu kubwa la usoni, mara nyingi kuna kibandiko. Na la tatu, kikundi chenu kinapiga kwa sauti gani? Kama kuna kibodi na kodiani, basi udi utawafuata wao, hauna hiari.

Watu wengi huanza na jina la kampuni. Jina linakuja mwisho. Seti moja inayomfurahisha mtu wa Cairo inaweza kulegea kama kamba ya nguo kwenye udi wako, wala kosa si la seti.

Kuhusu kijani: nyuzi za chini za udi ni waya wa shaba uliopakwa fedha, umezungushwa juu ya nyuzinyuzi nyingi za nailoni, na zamani za hariri. Jasho la mkono likichanganyika na hewa ya chumvi, ile fedha inaliwa kwanza, kisha shaba inaota kijani. Hapa kwetu nyuzi za waya haziishi muda zinaoishi kwenye nchi kavu. Kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga kinasaidia kuliko dawa yoyote ya kupulizia.

#7 Luti_Kaskazini

Habari za huko nyumbani. Niko Ujerumani, napiga luti ya zama za baroko (Ulaya ya miaka ya 1600 na 1700), yenye safu kumi na tatu, nyingi za nyuzi mbilimbili, jumla nyuzi ishirini na nne. Ni ndugu wa udi. Udi ulivuka Andalusia ukaingia Ulaya, huko wakaufungia vigawanyo shingoni kama vya gitaa, wakaacha risha wakapiga kwa vidole, wakazidi kuongeza nyuzi za chini mpaka shingo ikahitaji kichwa cha pili. Sylvius Leopold Weiss, mpigaji wa kasri la Dresden aliyefariki 1750, ndiye aliyeandikia sana aina hii ya kwangu. Mattheson, mwandishi wa muziki wa Hamburg, alidhihaki mwaka 1713 kwamba mpiga luti akifika miaka themanini, sitini kati yake ameimaliza akipatanisha nyuzi. Kwa hiyo kuhusu nyuzi tuna uzoefu wa kuteseka.

Nawapa kanuni moja tu. Ilipatikana tangu enzi za Mfaransa Mersenne, 1636, na inafaa udi kama inavyofaa luti. Mkazo wa uzi unategemea mambo manne: unene, urefu, sauti na uzito wa kitu kilichotumika. Unene, urefu na sauti kila kimoja kinaingia mara mbili, yaani ukiongeza unene maradufu, mkazo unakuwa mara nne. Kwa nailoni tupu nimeufupisha hivi: zidisha unene kwa milimita, mara mitetemo ya sauti kwa sekunde, mara urefu kwa mita. Jibu likiwa karibu na 97, uzi unavuta kama kilo 3.4.

Mfano: udi wa sentimita 61, do ya juu ni mitetemo 261.6. Gawanya 97 kwa 261.6, kisha kwa 0.61. Unapata 0.61. Huo ndio unene wa nailoni kwa do. Kwa sol, mitetemo 196, unapata 0.81, na ndiyo maana uzi wa pili wa gitaa aliousema Fundi unakaa pale.

Kaboni ni nzito kuliko nailoni, kwa hiyo unapunguza unene: chukua ule wa nailoni mara 0.8. Nailgati, ambayo Aquila wa Italia waliitoa 1997, imetengenezwa iwe na uzito wa utumbo wa kondoo. Hiyo unazidisha kwa 0.94.

Ukiendelea chini utaona mwenyewe kwa nini waya unahitajika. Re ya udi kwa nailoni tupu ingetaka unene wa zaidi ya milimita moja, na fa karibu mbili. Uzi mnene hivyo unakuwa mgumu, sauti inakufa kabla haijatoka. Waya unaongeza uzito bila kuongeza ugumu. Ulaya nyuzi za kuzungushiwa waya zilianza kutangazwa kwenye miaka ya 1660. Kabla ya hapo walikuwa na utumbo mtupu mnene, na kila uzi wa chini waliuwekea mwenzake mwembamba wa oktavu ya juu ili uamshe sauti.

#8 Kibodi_Mbagala

Nilikuja kusoma taarab nimekuta mtihani wa hesabu 😂

#9 Bahari_Masikati

Salaam kutoka Oman. Wazee wangu ni wa Unguja, kwa hiyo mjadala huu naufuatilia kwa raha.

Hapa nyuzi za udi zipo madukani na watu wanabishana vilevile. Majina utakayokutana nayo sana ni Pyramid wa Ujerumani, Aquila, La Bella na D'Addario wa Marekani. Pyramid wanauza na nyuzi mojamoja za luti kwa unene, na wapiga udi wengi duniani wanachagua humo badala ya kununua seti. Mwenzetu wa Ujerumani atathibitisha.

Ongezeko langu ni moja. Angalia daraja lako limegundishwa usoni, au nyuzi zinapita juu ya daraja na kufungwa mkiani mwa udi? Aina ya pili ndiyo ile ya Iraki iliyopendwa na wapiga udi wa huko kina Munir Bashir. Ile inataka nyuzi ndefu zaidi, na watu wengi wanaitilia fa juu ya do. Seti za aina hiyo zina unene tofauti kabisa, usije ukaletewa ukadhani umeibiwa.

Wazee hapa wanaziita kwa majina ya Kiarabu: kirdani ni do ya juu, nawa ni sol, duka ni re, ushairani ni la. Ya tano wengine wanaishusha fa, wengine yaka, yaani sol ya chini. Amua mapema, maana uzi wa fa ukipandishwa sol unaongeza mkazo zaidi ya robo.

#10 Mwana_Kikwajuni

Shukran wote, Mungu awalipe. Nimepima. Sentimita 58 na nusu, nimerudia mara mbili na mzee mmoja akashuhudia. Daraja limegundishwa. Kikundi kina kibodi, kodiani na fidla tatu, na uzi wa juu wa udi tunaupandisha do. Ndani kuna kibandiko kimechakaa, jina la fundi halisomeki, ila neno Istanbul linaonekana.

Kumbe ni wa Kituruki. Basi naagiza seti ya Kituruki, yameisha?

#11 Luti_Kaskazini

Subiri! Usilipe bado.

Seti ya Kituruki imepangwa kwa urefu huo wa 58.5, ndiyo, lakini wao uzi wa juu wanaupandisha mpaka re, mitetemo 293.7. Nyinyi mnapiga na kibodi na kodiani kwa do. Ukishusha seti yao kutoka re hadi do, mkazo unapungua kwa asilimia 21. Uzi wa kilo 3.4 unabaki 2.7. Utalegea, utagonga shingo, na ile sauti kavu uliyoisema hutaiona.

Seti ya Kiarabu imepangwa kwa do kwenye sentimita 61. Kwenye udi wako mfupi itapungua asilimia nane tu. Hiyo inavumilika, na kwa udi mzee naona ni faida. Kwa hiyo udi wa Istanbul, seti ya Kiarabu.

Kama unachagua mojamoja: do 0.63, sol 0.85 au hata 0.82.

#12 BintiRisha

Nakubaliana naye, na ndilo lililonifanya niulize sauti ya kikundi. Nimeona udi za Kituruki huku zinalaumiwa kuwa hazina sauti, kumbe zimevalishwa seti ya re na kushushwa do.

Kwa sauti unayoitaka, juu tia nailoni ya kawaida. Kaboni ni nyembamba, inang'aa, inafika mbali, na wapigaji wa peke yao wanaipenda. Kwenye kikundi chenye fidla tatu na kodiani, ule mng'ao unagombana na fidla. Nailoni ina duara zaidi. Nailgati ni nzuri ila inajivuta sana siku za mwanzo, utakaza mpaka uchoke, na haipendi kona kali kwenye mfupa.

#13 Mvuvi_Nungwi

Naomba niulize bila kuchekwa. Mshipi wa kuvulia je? Huku kwetu upo wa kila unene, wa nailoni na ule mgumu wa kaboni usioonekana majini.

#14 Solo_Magomeni

Haya, mimi na gitaa langu nilitukanwa, sasa tunakwenda baharini 😂

#15 Luti_Kaskazini

Hakuna wa kucheka. Wapiga luti huku wananunua mshipi wa kaboni na kuufunga kwenye vinanda vya thamani kubwa. Kitu ni kilekile. Tofauti ni kwamba mshipi umetengenezwa usikatike, haukutengenezwa uwe na unene sawa mwanzo mpaka mwisho. Na uzi usio na unene sawa hauwezi kupatana: ukiwa wazi uko sawa, ukikanyaga katikati umepotea. Kwenye udi ni mbaya zaidi kwa kuwa kila sauti ina nyuzi mbili, na zinagombana.

Kuna jaribio walilofundisha wapiga luti tangu miaka ya 1500. Kata urefu unaohitaji, shika ncha zote mbili, vuta uwe mkakamavu mbele ya mwanga, mtu akuchezee katikati kwa kidole. Uzi mzuri ukitetemeka unaonekana mistari miwili safi, iliyotengana, kati yake peupe. Uzi mbovu unaonekana mistari mitatu, minne, au ukungu unaocheza. Huo tupa. Rudia mpaka upate mbili zinazofanana.

#16 FundiMsumari

Na usiamini unene ulioandikwa kwenye kibunda cha mshipi. Nenda kwa fundi wa mashine mwenye maikromita, akupimie sehemu tatu za uzi. Nimeshakuta mshipi umeandikwa 0.60 na kumbe ni 0.66. Kwa mkazo hiyo ni asilimia 21 zaidi, siyo kitu cha kupuuza.

Mvuvi, kwa do na sol unaweza. Za waya hutengenezi nyumbani, hizo lazima zinunuliwe.

#17 Mzee_wa_Gambusi

Vijana nawasoma. Kabla ya udi kuenea, pwani hii tulikuwa na gambusi, ubao mmoja uliochimbwa, uso wake ngozi. Hakuna aliyekuwa na maikromita. Mpigaji alikaza mpaka sikio likaridhika. Lakini ninyi mna kibodi, na kibodi haisikilizi mtu. Endeleeni na hesabu zenu.

Mwanangu wa Kikwajuni, zikifika nyuzi usivue zote kwa pamoja. Uso wa udi umezoea kuvutwa.

#18 BintiRisha

Shikamoo mzee. Umesema kweli. Badilisha jozi moja, ipandishe karibu na sauti yake, nenda ya pili. Anza na jozi za katikati.

Kabla ya kufunga, pitisha penseli laini kwenye mifereji ya mfupa, ule unga mweusi unasaidia uzi kuteleza. Zile nyuzi zako mbili zilizofumuka hapohapo zinaniambia mfereji una ncha kali. Mwambie Fundi au mwenye msasa mwembamba aulainishe, la sivyo hata nyuzi mpya zitafumuka. Darajani zungusha ncha ya uzi mara mbili kwa zile nyembamba, mara moja inatosha kwa za waya. Usikate mkia wa uzi wa waya kabla haujakazwa, waya unaweza kujifungua kuelekea ndani.

Siku tatu nne za kwanza zitashuka kila ukigeuka. Usipande nazo jukwaani.

#19 Bahari_Masikati

Na masika je? Huku hatuna tatizo hilo.

#20 FundiMsumari

Masika uso unavimba, nyuzi zinainuka kutoka shingoni, na vigingi vya kukazia nyuzi vinakaza mpaka havigeuki. Nailoni yenyewe inanyonya unyevu kidogo, kaboni hainyonyi. Kiangazi vigingi vinaachia vyenyewe. Kwa hiyo asiagize mkazo mkubwa hata kama muuzaji atamsifia.

#21 Luti_Kaskazini

Thomas Mace, Mwingereza, aliandika mwaka 1676 kwamba mahali bora pa kuweka luti mchana ni kitandani, ndani ya blanketi, kitanda kilekile kinacholaliwa kila usiku, ili unyevu usiingie. Akaonya mtu asije akailalia.

#22 Kibodi_Mbagala

Nyumba yangu watoto watatu. Udi huo usingemaliza wiki.

#23 Mwana_Kikwajuni

Wazee wameridhia. Nimeagiza seti moja ya Kiarabu, mkazo wa wastani, nailoni juu na waya wa shaba na fedha chini. Itakuja na mtu anayetoka Masikati. Mfupa nitaupeleka kwa fundi wiki hii. Ya tano tutatia fa kwa sababu nyimbo zetu nyingi zinashukia pale.

Swali la mwisho: niongeze nyuzi za akiba?

#24 BintiRisha

Ongeza do za juu, jozi moja au mbili, ndizo zinazokatika. Za sol kachukue uzi wa pili wa gitaa kwa Solo.

#25 Solo_Magomeni

Hatimaye. Njoo dukani, wa pili nauza peke yake, sitakuuzia seti nzima.